Kutembea peke yako mjini Nairobi: hofu za kuacha na hofu za kujifunza

Kabla ya jambo lingine lolote, jua saa. Nairobi haina jioni ndefu. Mwaka mzima jua hutua kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo, na baada ya hapo giza haliombi ruhusa. Ukitoka kazini saa kumi na moja na nusu, ukapitia sokoni kuchukua sukuma na nyanya, utajikuta njiani usiku bila kupanga. Kwa hivyo mtu anayeanza kutembea mjini peke yake mimi humpa kazi hii: ipite njia yako mchana, halafu uipite tena saa moja usiku ukiwa na mtu unayemwamini. Tazama ni maduka gani yanashusha milango mapema na ni gani yanabaki wazi. Tazama taa zinazowaka na nguzo zilizokufa. Njia moja ni njia mbili, ya mchana na ya usiku, na unayopaswa kuijua ni ile ya usiku.

Yangu hutoka Biashara Street, inatokea Moi Avenue, inapita Bustani ya Jeevanjee, inashuka mzunguko wa barabara wa Globe, halafu inafuata Barabara ya Murang'a hadi Fig Tree, Ngara. Kwa mwendo wangu ni kama nusu saa. Nilianza kuipita mwaka 1993, nikiwa msichana wa kuwapimia wateja vitambaa vya pazia, na bado naipita.

Mwaka huu binti ya dada yangu alikuja kuanza kazi kwenye duka la dawa pale Tom Mboya Street. Kila shangazi na kila mama mkubwa alikuwa na onyo lake: usivae herini, ficha pesa kwenye soksi, usikanyage River Road, ukiona chokoraa kimbia. Maonyo yote hayo nayajua, na kila moja lilikuwa kweli wakati wake. Lakini hakuna hata mmoja aliyemwambia afanye nini na simu yake, au na glasi aliyoiacha mezani, au na mwanamume anayemfahamu. Tunawapa mabinti zetu hofu za mwaka 1995, halafu tunawaachia mji wa leo wajipambanie wenyewe. Hilo ndilo linaloniandikisha haya.

Maonyo yale yalitoka wapi

Miaka ya tisini tulilipwa taslimu, kwenye bahasha ya kaki. Mwisho wa mwezi kila mwizi wa mjini alijua kwamba kila mwenye kibarua ana bahasha. Noti zilikunjwa zikawekwa kwenye sidiria, nyingine kwenye soksi, na kidogo tukaacha mkononi, ya kumpa mtu akikusimamisha. Maduka ya mtaa wetu yalifungwa saa kumi na moja na nusu, na kufikia saa moja mji ulikuwa mtupu. Nguzo nyingi za taa zilikuwa nguzo tu. Ukikaribia Globe kila mtu aliongeza mwendo, wanaume kwa wanawake. Pale kulikuwa na vijana wa mitaani walioshika kinyesi mkononi: toa pesa au upakwe. Wengi walikuwa watoto wa miaka kumi, kumi na miwili, waliolala kando ya Mto Nairobi na chupa ya gundi mdomoni. Tuliwaogopa, na sitasema tulikosea kuwaogopa, lakini walikuwa watoto.

Kisha mambo yakabadilika kidogo kidogo, na kila badiliko nililiona njiani kwangu. Mwaka 2003 serikali mpya ya muungano wa vyama wa Narc iliwaondoa wengi wa vijana wale barabarani, wengine wakapelekwa Huduma ya Vijana kwa Taifa kufunzwa kazi. Miaka hiyo hiyo zikaja taa zenye matangazo ya biashara kwenye nguzo, mradi wa Adopt-A-Light wa mfanyabiashara Esther Passaris. Watu walilalamikia matangazo yale. Mimi nakumbuka kitu kimoja tu: niliweza kuuona uso wa mtu anayekuja mbele yangu kabla hajanifikia. Mwanamke aliyewahi kutembea gizani anajua tofauti hiyo ina uzito gani. Machi 2007 ikaja M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu, na polepole bahasha ya kaki ikapotea. Barabara ya Thika ikamalizika mwaka 2012 na Globe ikapata barabara za juu. Kamera za polisi nazo zikaanza kupandishwa kwenye nguzo. Mwaka 2020 bustani ya Michuki kando ya mto ikasafishwa, na katikati ya mji zikatengenezwa njia pana za waendao kwa miguu.

Ukiniuliza kama barabara ni salama kuliko wakati ule, kwa njia yangu mimi jibu ni ndiyo, na sitaki kulimung'unya. Lakini mwizi alizifuata pesa zilikohamia.

Maonyo ya kuacha

La kwanza la kuacha ni lile la kuugawa mji vipande viwili kwa mstari wa Moi Avenue, eti upande wa juu ni wa amani na upande wa chini ni wa wakora. Mchana pengine kuna ukweli fulani. Usiku mambo hugeuka. Saa mbili usiku River Road, Tom Mboya na Luthuli Avenue zimejaa watu, taa za maduka zinawaka, makanga wanaita abiria, mtu anachoma mahindi. Nenda saa hiyo hiyo Harambee Avenue au Parliament Road, kwenye maofisi makubwa na lami safi: utasikia visigino vyako mwenyewe. Ukinipa nichague, napita penye kelele. Luthuli hasa, tangu ilipopanuliwa njia za miguu mwaka 2019 na magari yakapunguzwa, ni mojawapo ya mitaa ninayompitisha binti yetu bila wasiwasi mkubwa.

La pili ni hofu ya wachuuzi. Tulifundishwa kwamba penye wachuuzi pana wezi wa mifuko, na ni kweli msongamano humsaidia mwizi kuingiza mkono. Lakini mchuuzi mwenyewe ana macho. Amesimama pale pale tangu saa kumi, anajua ni nani amepita mara tatu bila kununua kitu. Kitu kimoja tu cha kuangalia: kanjo, yaani askari wa jiji, wakitokea, wachuuzi hukimbia na mizigo yao wote kwa pamoja, na anayesimama katikati huangushwa. Ukisikia mbio zinaanza, usikimbie nao. Rudi ukutani, bana mkoba kifuani, ngoja wapite.

Na la tatu, vijana na familia za mitaani. Wapo bado, na wapo wenye hatari. Ila wengi wanaolala karibu na njia yako watakufahamu uso ndani ya mwezi mmoja. Salimia, pita, usimrukie mtu kana kwamba ni shimo. Mmoja wa pale karibu na Jeevanjee huniita "mathe wa mapazia".

Simu

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo watu wanaumia siku hizi.

Simu hunyakuliwa kwa njia zinazojulikana. Ya kwanza ni dirishani mwa matatu, jam ikiwa imesimama: Haile Selassie, Ronald Ngala, Globe, kuelekea Muthurwa. Kijana anatembea kati ya magari kana kwamba anauza maji, na mkono unaingia. Kaa kiti cha ndani ukipata. Ukikosa, funga dirisha libaki upenyo wa vidole viwili, na simu isishikwe upande wa kioo. Makanga waungwana hupaza sauti wenyewe, "Chungeni simu dirishani!" Akisema hivyo si mazoea ya mdomo, ameona kitu.

Ya pili ni bodaboda. Anakuja nyuma yako, anapanda kidogo ukingoni, abiria wake ananyoosha mkono, na kabla hujapiga kelele wako Kirinyaga Road. Kinga yake ni mahali unapotembea. Kaa upande wa ndani wa njia ya miguu, karibu na kuta za maduka, na mkoba uning'inie bega la ukutani. Penye barabara isiyo na njia ya miguu, tembea ukiyaelekea magari, usiyape mgongo.

Ya tatu ni mlangoni mwa gari, steji. Jifunze kuitambua, maana ina mpangilio wake. Gari lina viti tele, lakini mlangoni watu wanasukumana. Mmoja mbele yako amesimama kwenye ngazi, haingii wala hatoki. Mwingine nyuma anasukuma, "Twende, twende." Wa tatu ndiye mwenye mikono. Ukiona viti vitupu na msukumano kwa wakati mmoja, rudi nyuma hatua tatu usubiri gari lingine. Ndugu yake ni mtego wa mkanda: unaingia gari lenye wanaume wachache waliokaa mbalimbali, unawekwa mbele au katikati yao, mkanda unakataa kufunga, jirani anakusaidia kuuvuta kwa bidii sana, halafu baada ya dakika chache dereva anasema gari halifiki kwenu, shuka hapa. Ukishuka, pochi na simu havipo. Gari ambalo hukuliona likijazwa steji, usilipande.

Simu ikiita ukiwa unatembea, iache iite. Kama ni lazima upokee, ingia dukani, uupe ukuta mgongo, useme, ukate, uweke ndani, ndipo utoke. Ramani uisome nyumbani. Na ukipotea, muulize soja wa mlangoni au mwenye duka, yaani mtu uliyemchagua wewe, usimuulize yule aliyekujia akijitolea kukuonyesha.

Lakini chombo chenyewe si hasara kubwa. Hasara ni kikichukuliwa kikiwa kimefunguliwa. Ndani mna M-Pesa, mna Fuliza, ile ya kukopa salio la M-Pesa likiisha, mna mikopo ya programu ambayo mwizi anaweza kuikopa kwa jina lako usiku huo huo, mna picha ya kitambulisho uliyomtumia mtu mwaka jana. Kwa hivyo fanya haya jioni ya leo, usingoje. Weka nambari ya siri kwenye laini yenyewe, siyo kwenye simu peke yake, ili laini ikitiwa kwenye simu nyingine isifunguke. Nambari ya siri ya M-Pesa isiwe mwaka wako wa kuzaliwa. Mwizi mwenye kitambulisho chako huanza hapo. Futa ujumbe wowote uliojiandikia wenye nambari za siri. Bonyeza *#06#, nambari itakayotokea iandike kwenye daftari linalokaa nyumbani, maana polisi wataiuliza.

Mimi nimeenda mbali zaidi. Laini yenye pesa naiweka kwenye kabambe, ile simu ndogo ya vibonye yenye tochi. Simu kubwa ina laini nyingine isiyo na kitu. Binti yetu aliona ni mambo ya kizamani, lakini wiki ya pili alininunulia chai, akaniomba nimsindikize kutafuta kabambe yake.

Watu wa njiani

Nikiambiwa nichague jambo moja tu la kumfundisha mtu, nitachagua hili, na halihitaji pesa wala nguvu. Njiani kwako chagua watu wanne au watano wanaosimama mahali pamoja kila siku: muuza magazeti, fundi viatu, soja wa jengo, mama wa mayai ya kuchemsha, kijana wa duka la M-Pesa. Wasalimie kila siku, kwa sauti, ukisimama nusu dakika. Nunua kitu kidogo mara moja moja. Jua anafunga saa ngapi. Usimwambie unakaa wapi wala unarudi kwa nani. Ajue uso wako na saa yako, basi.

Nitakuonyesha kwa nini. Ilikuwa jioni ya mvua za Aprili, giza limeshaingia. Mwanamume aliyevaa jaketi safi alianza kunisemesha pale Jeevanjee: "Shangazi, samahani, Kariokor ni upande gani?" Nikamwonyesha. Akashukuru, akaendelea kutembea kando yangu. Hatua chache mbele akaniuliza swali lile lile, sauti ile ile, na sasa alikuwa amesogea karibu kidogo. Mtu anayeuliza njia mara mbili hatafuti njia. Mbele kidogo alikuwepo mama wa mahindi ninayemsalimia kila siku. Alikuwa amejikunyata chini ya mwavuli, anapepea jiko kwa kipande cha katoni. Hakumtazama yule mwanamume hata kidogo. Aligeuza hindi, akasema, "Mama, si ulisahau chenji yako jana! Keti hapa nikutafutie." Akasukuma kreti ya soda kwa mguu. Nikaketi. Akaanza kufungua fundo la leso yake polepole, anahesabu sarafu, anaziweka mapajani moja moja, anazirudisha. Mwanamume alisimama kidogo, akatazama huku na huku, akavuka barabara akarudi alikotoka. Hakukuwa na chenji yoyote. Nilinunua mahindi mawili, nikangoja mpaka wakatokea wasichana wa chuo wanaoelekea Ngara, nikaungana nao.

Hakuna kamera iliyofanya hivyo.

Binti yetu sasa ana watu wake wa Tom Mboya. Alipougua malaria siku chache, soja wa jengo la pili alimuuliza mwenzake wa duka la dawa kama yule msichana mgeni yuko salama.

Mtu akikufuata, na akikushika

Ukihisi unafuatwa, vuka barabara. Akivuka naye, vuka tena urudi. Mtu mwenye safari zake hatavuka mara mbili. Hapo usiende nyumbani, na usiingie uchochoro kwa kufupisha njia. Ingia penye taa na watu wa kazi: supamaketi, duka la dawa, hoteli ya chai. Mwambie aliye kwenye kaunta kwa maneno yasiyozunguka: "Kuna mtu ananifuata, yule wa shati la kijani." Rangi ya nguo inasaidia, kwa sababu sasa mko wawili mnaomtazama. Ukikosa pa kuingia, geuka umkabili ukiwa mbali naye, useme kwa sauti ya kusikika na wote: "Kaka, tunajuana?" Wengi wanaofanya kazi hii hawapendi kutazamwa.

Ngeta ni jambo lingine. Mkono unakuja kutoka nyuma, unakaba shingo, na wenzake wawili wanapekua mifuko. Huchukua sekunde tu. Hutokea zaidi kwenye madaraja ya miguu, vichochoro na njia za chini ya barabara wakati watu wamepungua, na ndiyo sababu daraja la miguu usiku usilipande peke yako. Ngoja kundi, hata dakika kumi. Ikikupata, inamisha kidevu kifuani upate kupumua, na achia kila kitu. Kila kitu. Usishindane kwa ajili ya simu. Nimewaona wenye makovu ya visu, na hakuna hata mmoja aliyeniambia kwamba simu aliyoipigania ilistahili.

Kuna neno moja ninalomwomba kila mtu alifikirie kabla ya kulitoa mdomoni, na neno hilo ni "mwizi". Ukilipaza katikati ya Nairobi, watu watakuja, na hawatauliza maswali. Nimeona kijana akipigwa karibu na duka letu kwa sababu alikuwa anakimbia wakati mtu mwingine anapiga kelele. Mwenye duka, mzee wa watu, alimvuta ndani, akashusha mlango wa chuma, akasimama mbele yake na futi ya kupimia vitambaa mkononi mpaka polisi wa kituo cha Central wakafika. Mfukoni mwa kijana mlikuwa na nauli na ufunguo wa nyumba. Bila mlango ule angekufa pale kwenye lami. Mimi nikivamiwa napaza "Saidieni!" Watu huja vile vile, lakini wanakuja kwangu, hawamrukii wa kwanza wanayemwona akikimbia.

Makanga na mikono yao

Makanga akikushika mkono akuvute garini kwake, simama kabisa, tazama mkono wake, mwambie, "Niachilie mkono." Sema mara moja, usicheke. Kicheko cha aibu wanakichukua kuwa ruhusa. Wengi wataachia na kusema, "Pole, madam."

Novemba 2014, baada ya wanaume kumvua mwanamke nguo hadharani steji ya matatu, eti kavaa vibaya, wanawake waliandamana kutoka Uhuru Park wakapita mitaani hadi Accra Road. Mwezi uliofuata sheria ilibadilishwa na kumvua mtu nguo kwa nguvu kukawa kosa lenye kifungo chake. Kwa hivyo ukiniuliza uvae nini, jibu langu ni viatu vya kutembea haraka. Visigino vitie kwenye mkoba. Mengine ya mavazi ni yako. Aliyemshika mtu asiyemtaka ndiye mwenye kosa, na hilo mwambie binti yako mapema, kabla hajasikia kinyume chake kwa jirani.

Mvua na maandamano

Mvua ikishika jioni, nauli hupanda mara mbili na watu hujazana kwenye veranda. Huo ndio wakati wa mikono mepesi. Mkoba mbele, na ukiweza, baki kazini mvua ipungue.

Siku ya maandamano, ukisikia milango ya maduka ikishushwa mfululizo, usitoke kutazama. Juni 25, 2024, siku waandamanaji walipoingia Bunge, waliokuwa ndani ya majengo na kungoja walifika nyumbani usiku, lakini walifika. Kama tayari uko nje, toka katikati ya mji kwa mitaa ya pembeni, mbali na moshi, na usipige picha kwa simu iliyoinuliwa juu.

Hofu iliyo ndani ya mlango

Sasa lile ambalo mashangazi hawalisemi. Januari 27, 2024 maelfu ya wanawake waliingia barabarani Nairobi kupinga mauaji ya wanawake. Nilitoka dukani nikasimama ukingoni, nikasoma mabango. Majina yaliyokuwa yakitajwa mwezi ule hayakuwa ya watu waliokabwa Globe. Yalikuwa ya wanawake waliouawa ndani ya nyumba, wengine vyumba vya kukodi kwa usiku mmoja. Tumewafundisha mabinti kuogopa barabara, na barabara ndiyo yenye mama wa mahindi. Ndani ya mlango uliofungwa hakuna wa kukutafutia chenji.

Kwa hivyo kanuni zetu nyumbani ni hizi. Kukutana na mtu kwa mara ya kwanza ni mchana, penye watu, na nauli ya kurudi iwe yako. Glasi ukiiacha, usiirudie, agiza nyingine. "Mchele", yaani dawa ya kulevya ya kutiliwa kwenye kinywaji, huwapata wanaume na wanawake. Kabla ya kupanda teksi au bodaboda ya programu, linganisha nambari ya gari na ile iliyo kwenye simu, umtumie mtu picha. Na kila anayetembea usiku nyumbani kwetu hutuma ujumbe akitoka na akifika. Nusu saa ikipita bila neno, tunapiga simu, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika kwa kupigiwa.

Ikishatokea

Ukiibiwa simu, usiifuate. Ingia duka la kwanza, omba simu, piga huduma kwa wateja wafunge laini. Kwa Safaricom ni 100. Kisha benki. Kisha kituo cha polisi kilicho karibu, Central au Kamukunji kulingana na ulipo, uandikishe na upewe nambari ya OB, yaani ya daftari la matukio la polisi. Bila hati ya polisi utasumbuka kupata kitambulisho kipya.

Ukishambuliwa mwili, mambo ya simu yasubiri. Usioge, usibadilishe nguo, nenda hospitali. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu zake. Nairobi Women's Hospital ina kituo cha waathiriwa wa ukatili wa kijinsia tangu 2001, na matibabu yake ni bila malipo. Nambari 1195 hupokelewa usiku na mchana, haikatwi pesa. Dharura ya polisi ni 999 au 112.

Ziandike hizo kwenye karatasi, pamoja na nambari za watu wawili wa kwenu, kwa sababu simu ikishaenda, nambari zote zimeenda nayo. Karatasi iweke kwenye nailoni isilowe, na ikae mwilini, siyo kwenye mkoba.